Kometi Mlangoni pa Mshtarii

Kometi nyingi za mizunguko mifupi, zile zinazorudi karibu na Jua kila baada ya miaka 6 au 7, zilifikishwa huko na Mshtarii, na nyingi kati yake zitaondolewa huko na Mshtarii hiyohiyo. Sayari hii ina uzito wa Dunia 318. Sayari nyingine zote zikiwekwa pamoja haziufikii hata nusu ya uzito huo. Inalizunguka Jua kwa umbali wa wastani wa kilomita milioni 778, na mzunguko mmoja huchukua miaka 12 kasoro kidogo. Kometi kwa upande wake ni bonge la barafu, vumbi na mawe ambalo mara nyingi upana wake hauzidi kilomita chache. Bonge hilo likipita jirani na Mshtarii, njia yake haibaki ilivyokuwa. Njia ikibadilika, joto inalolipata kutoka kwa Jua hubadilika pia, na joto ndilo linaloamua kama kometi italala kimya gizani au itafura na kuota mkia.

Kinachotokea katika kupita huko ni rahisi kueleza, ingawa kukikokotoa ni kazi ngumu. Mshtarii haijasimama; inakwenda kilomita 13 kwa sekunde. Kometi inayokatiza nyuma yake huvutwa kuelekea inakokwenda sayari na kupata mwendo wa bure, kama kijana wa baiskeli aliyedandia lori kwenye mlima. Njia yake hupanuka, na pengine hutupwa nje ya mfumo wa Jua moja kwa moja. Ile inayokatiza mbele ya Mshtarii huvutwa kinyume, hupoteza mwendo, na njia yake husinyaa kuelekea Jua. Tofauti ya kilomita laki chache katika mahali pa kukatizia yaweza kuwa tofauti kati ya kuingia ndani na kufukuzwa kabisa.

Wanaastronomia walilifahamu jambo hili katika karne ya 18 kutokana na kometi moja iliyowachanganya sana. Mnamo Juni 1770 Charles Messier, akiwa Paris, aliiona kometi iliyokuwa ikikua angani usiku baada ya usiku. Tarehe 1 Julai ilipita umbali wa kilomita milioni 2.2 tu kutoka Dunia, takriban mara 6 ya umbali wa Mwezi. Anders Johan Lexell, mwanahisabati mzaliwa wa Turku, Finland, aliyefanya kazi St. Petersburg, alikokotoa njia yake akapata kwamba inalizunguka Jua kwa miaka 5 na nusu hivi. Swali likazuka papo hapo: kometi kubwa namna hiyo, inayorudi mara kwa mara, mbona haikuonekana kabla? Jibu la Lexell lilikuwa Mshtarii. Mwaka 1767 kometi ilikuwa imepita karibu na sayari hiyo ikasukumwa ndani. Iliporudi mwaka 1776 ilikuwa upande mbaya wa Jua, haikuonekana. Kisha mwaka 1779 ikakutana tena na Mshtarii, na tangu hapo haijaonekana. Baadaye, katikati ya karne ya 19, Urbain Le Verrier alilipitia upya suala hilo akaonyesha kwamba vipimo vya mwaka 1770 havikutosha kusema kometi ilikwenda wapi: kosa dogo la upimaji lilizaa majibu yaliyotofautiana mno. Hesabu hizo zilikuwa miongoni mwa dalili za mapema kwamba mienendo ya angani, iliyosifiwa kwa uhakika wake, ina pembe ambazo uhakika huo hukatika.

Tatizo jingine likabaki. Kama Mshtarii inaweza kubadilisha kabisa umbo la njia, mtaalamu atajuaje kwamba kometi aliyoiona leo si ileile iliyoonekana zamani kwa njia tofauti? Mfaransa Félix Tisserand alitoa jibu mwishoni mwa karne hiyo. Alionyesha kuwa ukubwa wa njia, umbo lake na mwinamo wake vinaweza kuunganishwa kuwa namba moja ambayo haibadiliki sana hata baada ya kometi kupita karibu na sayari. Namba hiyo bado inatumika. Kometi ambazo kwazo iko kati ya 2 na 3 huitwa familia ya Mshtarii, na zinazojulikana ni mamia. Inapokaribia 3, maana yake ni kwamba kometi huifikia Mshtarii kwa mwendo wa taratibu, na mwendo wa taratibu ndio unaoipa sayari nafasi ya kuishika kwa muda mrefu.

Kuhusu asili ya familia hii, kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni kometi za mbali kabisa zilizonaswa moja moja. Shida ni kwamba zile za mbali huja kutoka pande zote za anga, ilhali za familia ya Mshtarii hukaa karibu na bapa lilelile zinamozunguka sayari. Mwaka 1980 Julio Fernández wa Uruguay alipendekeza kwamba chanzo ni ukanda wa mabonge ya barafu ng'ambo ya Neptuni, na hesabu za kompyuta za mwaka 1988 zikaliunga mkono wazo hilo. Mwaka 1992 bonge la kwanza la ukanda huo, unaoitwa ukanda wa Kuiper, likapatikana. Kwa hiyo safari huanzia huko: Neptuni huligeuza bonge, likaangukia kwa Uranusi, Uranusi ikalikabidhi kwa Zohali, na Zohali kwa Mshtarii. Likiwa katikati ya safari hiyo, kati ya Neptuni na Mshtarii, huitwa Sentauri. Safari hiyo huchukua mamilioni ya miaka, na mabonge mengi hutupwa nje kabla ya kufika.

Hatua ya mwisho ya safari hiyo imeshuhudiwa waziwazi mara chache, na kisa kinachofaa kuelezwa kwa kirefu ni cha kometi Oterma. Iligunduliwa mwezi Aprili 1943 na Liisi Oterma, mwanaastronomia wa Turku, mji uleule alikozaliwa Lexell. Wakati huo ilikuwa na njia isiyo ya kawaida kwa kometi: karibu duara, yote ikiwa ndani ya njia ya Mshtarii, na mzunguko wa miaka 7.9. Hesabu za kurudi nyuma zilionyesha kuwa haikuwa hapo muda mrefu. Hadi mwaka 1937 ilikuwa ikizunguka nje ya Mshtarii kwa takriban miaka 18 kwa kila mzunguko. Mwaka huo ikajongea sayari, ikapenya, ikaingia ndani. Katika njia mpya ilizunguka Jua mara 3 kwa kila mizunguko 2 ya Mshtarii, na uwiano huo ulimaanisha jambo moja: kometi na sayari zingekutana tena palepale. Zikakutana mwaka 1963, umbali wa kilomita milioni 14 hivi. Kometi ikatolewa nje kwa mlango mwingine, ikapewa njia ya miaka 19, na sasa hata inapolikaribia Jua zaidi hubaki umbali unaozidi kilomita milioni 800. Ilififia kiasi kwamba hakuna aliyeiona kwa zaidi ya miaka 30, hadi ilipopatikana tena kwa darubini kubwa.

Neno mlango hapa lina maana yake ya kihesabu. Kuna sehemu mbili, moja upande wa Jua na nyingine upande wa nje, kila moja ikiwa umbali wa zaidi kidogo ya kilomita milioni 50 kutoka Mshtarii, ambapo mvutano wa sayari na mvutano wa Jua hulingana kwa namna ya pekee na mzunguko wenyewe. Kitu kinachokwenda polepole hakiwezi kuvuka kutoka nje kwenda ndani kokote kinakotaka. Sharti kipite jirani na sehemu hizo. Kikiingia kwa mlango mmoja chaweza kutokea kwa mwingine mara moja, au kikazungukazunguka humo kwa miaka kadhaa kama mwezi wa muda. Kometi Gehrels 3 ilishikwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kometi Kushida-Muramatsu ilikaa muda mrefu zaidi, tangu mwaka 1949 kwa miaka 12 hivi, na hakuna aliyejua wakati huo. Ilikuja kugunduliwa mwaka 1993 na historia yake ikasomwa kwa kompyuta.

Hayo ni ya njia. Upande wa pili ni kile kinachotokea katika barafu yenyewe. Barafu ya maji, ikiwa katika utupu, haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka mvuke moja kwa moja. Lakini huhitaji joto la kutosha, na joto hilo hupatikana ndani ya takriban kilomita milioni 450 kutoka kwa Jua. Kwenye umbali wa Mshtarii mwanga wa Jua ni kama asilimia 4 ya ule unaoifikia Dunia, na barafu ya maji huko ni ngumu kama mwamba. Kwa kanuni hiyo, kometi zilizo jirani na Mshtarii zingepaswa kuwa kimya.

Kuna moja inayokanusha kanuni hiyo kila mwaka. Novemba 1927 Arnold Schwassmann na Arno Arthur Wachmann, wa kituo cha Bergedorf karibu na Hamburg, waliigundua kometi ambayo leo ina namba 29P. Njia yake ni karibu duara kamili, nje kidogo ya Mshtarii, na mzunguko wake ni wa miaka 15 hivi. Kiini chake ni kikubwa, kipenyo cha kilomita 60 au karibu na hapo, ilhali kometi za kawaida za familia ya Mshtarii hazifiki hata sehemu ya kumi ya ukubwa huo. Na hulipuka. Kwa wastani hufanya hivyo mara 7 kwa mwaka. Kwa saa chache nuru yake hupanda, wakati mwingine kufikia mara 100 ya kawaida. Wingu la vumbi hutanuka kwa siku kadhaa, kisha hutawanyika na kometi hurudi kuwa kidoa hafifu. Septemba 2021 milipuko kadhaa ilifuatana kwa siku chache tu, ikaifanya ing'ae kuliko ilivyokuwa imeonekana kwa miongo mingi. Kwa kuwa njia yake ni ya duara, haina kiangazi wala kipupwe cha kusingizia. Jua liko umbali uleule mwaka mzima. Sababu sharti iwe ndani yake.

Mwaka 1994 darubini ya mawimbi ya redio iliyoko Mauna Kea, Hawaii, ilinasa dalili ya gesi ya kaboni monoksidi ikitoka kwenye 29P. Gesi hiyo huganda kwenye baridi kali mno tu, hivyo kwenye umbali wa Mshtarii haina budi kutoroka. Lakini kama ni tayari kutoroka, mbona haikuisha zamani? Jibu linalopendwa na wataalamu wengi linahusu namna barafu ya maji ilivyoganda. Katika baridi ya mwanzo wa mfumo wa Jua, molekuli za maji ziliganda ovyo, bila mpangilio wa fuwele, na katika mapengo yao zikafungia gesi nyingine. Barafu ya aina hiyo hudumu mabilioni ya miaka ikiachwa kwenye baridi. Ikipashwa moto hadi kama nyuzi 150 chini ya sifuri, na hicho ndicho kiasi cha joto la eneo la Mshtarii, molekuli hujipanga upya kuwa fuwele. Kujipanga huko hutoa joto na kuachilia gesi zilizofungwa. Joto huamsha barafu ya jirani, nayo huamsha inayofuata. Ni maelezo mazuri, yanayolingana na mahali ambapo kometi na Sentauri huanza kuamka. Hata hivyo si maelezo yaliyofunga mjadala. Utoaji wa gesi ya 29P hauendi sambamba na milipuko yake ya vumbi kila mara, na darubini ya anga ya James Webb imeonyesha mitiririko kadhaa isiyofanana, mmoja wa kaboni monoksidi na mingine ya kaboni dayoksidi, kana kwamba kiini kiliundwa kwa mabonge yenye asili tofauti. Oterma nayo ilipochunguzwa na darubini hiyohiyo mwaka 2022 ilikutwa ikitoa kaboni dayoksidi, huku kaboni monoksidi haikuonekana. Majirani wawili wa Mshtarii, tabia mbili.

Kometi ikishaingizwa ndani kabisa, maisha yake huenda mbio. Hakuna iliyochunguzwa vizuri kama Churyumov-Gerasimenko, namba 67P. Kabla ya mwaka 1959 haikuwahi, kwa zaidi ya karne moja, kulisogelea Jua zaidi ya kilomita milioni 400. Februari 1959 ikapita kilomita milioni 7.7 hivi kutoka Mshtarii, na umbali wake wa karibu zaidi na Jua ukapungua hadi kilomita milioni 190 na ushee. Joto la Jua inalolipata kwenye kilele likaongezeka zaidi ya mara 4 kwa mkupuo mmoja. Miaka 10 baadaye, mwaka 1969, Klim Churyumov wa Kiev aliigundua kwenye picha zilizopigwa na Svetlana Gerasimenko huko Alma-Ata. Bila tukio la mwaka 1959, pengine isingegunduliwa wakati huo, na chombo Rosetta cha shirika la anga la Ulaya kisingekwenda huko.

Rosetta ilifika Agosti 2014 na kukaa nayo miaka miwili, ikaona kwa karibu maana ya kuwa kometi amilifu. Genge moja lililopewa jina la Aswan, lenye urefu wa mita 134, lilikuwa na ufa wa mita 70 ukingoni. Tarehe 10 Julai 2015 ukingo huo ukaporomoka, mita za ujazo 22,000 hivi zikaenda chini, na nyuma yake ikafunuka barafu nyeupe iliyong'aa katikati ya vumbi jeusi. Msimu huohuo mitiririko ya gesi ilikisukuma kiini kwa nguvu ya kutosha kukifanya kizunguke haraka zaidi: siku yake ya saa 12.4 ikapungua kwa dakika 20 hivi. Gesi hiyo pia huisukuma kometi kando kidogo na njia yake, jambo lililoelezwa na Fred Whipple tangu mwaka 1950. Msukumo ni mdogo sana. Ila kometi inaporudi tena kwa Mshtarii, tofauti ndogo ya mahali hukuzwa kuwa tofauti kubwa ya hatima, na hapo ndipo ukokotoaji wa karne nyingi mbele hushindwa. Tabia ya barafu na umbo la njia haviwezi kutenganishwa.

Mwisho wa kometi hizi si wa aina moja. Nyingi hurushwa nje ya mfumo wa Jua na Mshtarii baada ya miaka laki kadhaa. Kabla ya hapo, barafu ya juu huwa imeisha au imefunikwa na ganda la vumbi, zikabaki mabonge meusi yasiyotofautiana na asteroidi. Nyingine hupasuka. Mwaka 1886 kometi Brooks 2 ilipita karibu mno na Mshtarii, na ilipogunduliwa mwaka 1889 ilikuwa ikifuatana na vipande vyake. Kisa mashuhuri zaidi ni cha Shoemaker-Levy 9, iliyogunduliwa Palomar, California, tarehe 24 Machi 1993 na Carolyn na Eugene Shoemaker pamoja na David Levy. Haikuwa ikilizunguka Jua bali Mshtarii, iliyokuwa imeinasa miongo kadhaa nyuma. Julai 1992 ilipita makumi ya maelfu tu ya kilomita juu ya mawingu ya sayari. Upande wake wa karibu ukavutwa zaidi ya upande wa mbali, na kwa kuwa ilishikamana kwa udhaifu, ikavunjika vipande. Kati ya tarehe 16 na 22 Julai 1994 vipande 21 viliigonga Mshtarii kwa kasi ya kilomita 60 kwa sekunde. Alama nyeusi ya kipande G ilikuwa na upana unaolingana na Dunia, na alama hizo zilionekana kwa darubini ndogo kwa wiki kadhaa. Karibu miaka 20 baadaye darubini ya anga ya Herschel ilibaini kwamba karibu maji yote yaliyo katika tabaka la juu la hewa ya Mshtarii yaliachwa na kometi hiyo.

Kometi ambayo mabadiliko yake yanaweza kufuatiliwa tangu sasa ni LD2, iliyogunduliwa Juni 2019 na mradi wa ATLAS wa Hawaii. Mwanzoni ilitangazwa kuwa ni mojawapo ya asteroidi zinazoandamana na Mshtarii kwa kudumu, ya kwanza kuonekana na mkia. Haukupita muda hesabu zikaonyesha vinginevyo: ilikuwa Sentauri iliyokutana na Mshtarii mwaka 2017 tu na kuwekwa kwenye njia ya miaka 12 hivi. Ni mpita njia. Picha ya darubini ya Hubble ya Aprili 2020 inaonyesha mkia wa kilomita 640,000. Mwaka 2028 itakutana na Mshtarii tena na kurudishwa kwenye njia ya Sentauri. Kisha mwaka 2063 itaisogelea sayari kuliko mara zote hizo, na kwa mujibu wa hesabu zilizopo itaingizwa ndani, katika familia ya Mshtarii, huenda kwa mara ya kwanza katika historia yake.